Ndiva: Bwawa Dogo la Upare na Swali la Mwenye Maji

Mtoto wa Kenya anapofundishwa kilimo cha umwagiliaji hutajiwa Mwea na Perkerra. Huambiwa jina la mto, aina ya mazao na ukubwa wa mashamba. Ni nadra aambiwe kwamba mifereji ya kwanza ya skimu hizo mbili ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliotiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, ambao hawakuulizwa maji yapite wapi wala yatakuwa ya nani. Hivyo mwanafunzi hukua akidhani kwamba mfereji ni kitu kinachoteremshwa na serikali, na kwamba mwananchi kazi yake ni kupokea maji, kulipa ada na kushukuru.

Katika mfululizo huu wa makala kuhusu majirani zetu, leo tuvuke mpaka tuende Tanzania, katika Milima ya Upare, tukaangalie mfereji ambao haukuteremshwa na mtu yeyote. Hasa tutaangalia kile kibwawa kinachoulisha. Wenyeji hukiita ndiva.

Milima ya Upare ni rahisi kuiona kutoka kwetu. Anayesimama upande wa Taveta, akaelekeza macho ng'ambo ya Ziwa Jipe, huona miteremko ya Ugweno ikipanda kutoka ukingo wa maji. Kutoka hapo safu ya milima huelekea kusini-mashariki, ikipita Usangi na kuingia Same, hadi inapokaribia Usambara. Kilele chake cha juu, Shengena, kipo katika Upare Kusini, na urefu wake ni zaidi ya mita 2,400. Juu kuna ukungu, misitu, migomba na kahawa. Chini, hasa upande wa magharibi unaotazama bonde la Mto Pangani, kuna ukame wa miiba na mbuyu. Kati ya hali hizo mbili ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Mvua hunyesha juu, ardhi tambarare ipo chini, na watu wapo kotekote. Historia yote ya ndiva imo katika sentensi hiyo.

Sasa tueleze kitu chenyewe. Wapare, ambao hujiita Vaasu na lugha yao Chasu, huchepusha maji ya kijito kwa banio la mawe, magogo na udongo. Maji huingia katika mfereji wa udongo unaozunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Kabla ya kufika mashambani, mfereji huingia katika ndiva, yaani shimo pana lililochimbwa na kuzungushiwa tuta, lenye tundu la kutolea maji upande wa chini. Jioni tundu huzibwa. Usiku kucha maji huingia na kutulia. Alfajiri anayehusika hufika, huzibua, na maji yaliyokusanyika hutoka kwa nguvu kuelekea shamba la mwenye zamu. Ndiva nyingi ni ndogo mno kwa macho ya mhandisi wa leo: mita za ujazo mia kadhaa, na zile kubwa hupita elfu moja. Bwawa la maji la mji wowote wa wastani lingezimeza mamia ya ndiva na lisijae.

Mgeni huuliza: kwa nini kujisumbua? Maji si yanatiririka mchana na usiku? Si yaachwe tu yaende shambani?

Jibu linahitaji hesabu kidogo, na napenda tuifanye, kwa sababu hapo ndipo akili ya waliobuni jambo hili inapoonekana. Tuchukue mfano wa kijito chembamba cha kiangazi kinachotoa lita 5 kwa sekunde. Mfereji wa udongo nao hunywa. Kila hatua maji hupotea ardhini. Tuseme mfereji wetu, tangu banio hadi shamba, hunywa lita 4 kwa sekunde. Shambani itafika lita 1 kwa sekunde, na nusu ya hiyo itafika usiku, mkulima akiwa amelala au akipapasa gizani huku akihofia nyoka. Kwa siku nzima atapata takriban lita 86,000, zikija kwa unyonge kiasi kwamba hazitafika mwisho wa tuta la kwanza.

Sasa weka ndiva. Kwa saa 12 za usiku, lita 5 kwa sekunde hukusanya lita 216,000. Zikifunguliwa kwa muda wa saa 3, hutoka lita 20 kwa sekunde, na ukiongeza zile 5 za kijito zinakuwa 25. Mfereji utakunywa lita 4 zake, au hata tukubali kwamba atakunywa zaidi kidogo kwa kuwa maji yamepanda kingo. Zitafika shambani lita 20 na ushei kwa sekunde, mchana, mbele ya macho ya mkulima aliyeshika jembe. Kwa saa hizo 3 peke yake atapokea zaidi ya lita 210,000. Kijito ni kilekile, mfereji ni uleule, udongo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba usiku umewekwa akiba.

Ndiyo maana ndiva haiwezi kusemwa kuwa nyongeza ya mfereji. Pasipo ndiva, mfereji mrefu wa kiangazi hauna faida, na pasipo mfereji mrefu miteremko ya kati isingekaliwa na watu wengi kama ilivyokaliwa.

Wapare hawakuwa peke yao katika maarifa ya mifereji. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na mifongo yao, nao pia walijenga vibwawa vya kulaza maji. Charles New, mmisionari aliyekuwa na makao yake Ribe karibu na Mombasa, alipozuru Uchagga mwaka 1871 aliistaajabia mifereji ile. Wasonjo, magharibi zaidi, waligawana maji ya chemchemi chini ya baraza la wazee. Kule Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya mashamba yaliyopangwa kwa mawe na mifereji yake, yaliyohamwa kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Kwetu Kenya wapo Wamarakwet na mifereji yao ya Kerio. Oscar Baumann alipopita Upare mwaka 1890, utawala wa Kijerumani ukiwa haujakaza mizizi, alikuta watu wanaolima kwa mifereji. Nayataja haya kwa haraka ili mtu asije akadhani kwamba umwagiliaji katika Afrika Mashariki ulianza na bomba la chuma.

Lakini tusikae sana kwenye udongo na mawe. Jambo linalonifanya niwaletee ndiva katika ukurasa wa elimu ya uraia ni utawala wake.

Ndiva ilianzishwa na ukoo, au koo chache zilizoungana. Waliochimba walikuwa na haki ya kwanza ya maji, na aghalabu mzee wa ukoo huo ndiye aliyekuwa msimamizi. Wengine waliohamia baadaye, au waliooa katika eneo hilo, waliingizwa kwa masharti: kuleta nguvu kazi, kutoa pombe au mnyama, kukubali zamu ya nyuma. Haki haikutokana na kukaa karibu na maji pekee. Ilitokana na kushiriki katika kuyaleta. Asiyetokea siku ya kuzibua matope hakuwa na mdomo wa kudai zamu. Kazi hiyo ya pamoja Wapare huiita msaragambo, neno ambalo limetoka Upare na kuingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa maana ya kazi ya kujitolea ya jamii nzima. Pembe ikilia, kila kaya hutoa mtu. Asiyekuja hutozwa.

Ndiva hujaa matope, na hilo ndilo linalolazimisha umoja. Kila mvua kubwa huteremsha udongo wa mlimani ukatua ndani ya bwawa. Bwawa lisipozolewa, baada ya misimu michache hugeuka kuwa jaruba. Kwa hiyo haiwezekani kujenga ndiva mara moja na kuirithisha watoto kama mtu anavyorithisha kiti. Kinachorithishwa ni wajibu wa kuizoa.

Ugawaji nao ulikuwa wa aina yake. Mwenye zamu hakupewa lita kadhaa. Alipewa ndiva ya siku fulani: yaani chochote ambacho usiku ule umekusanya, kiwe kingi au kichache. Masika ndiva ilijaa na kufurika. Kiangazi kilipokaza ilifika nusu. Mwenye Jumanne alipata Jumanne yake. Msomaji ashike jambo hili, kwa maana tutalirudia: ndiva hugawa wakati, haigawi ujazo. Maji yanapopungua, kila mwenye zamu hupungukiwa kwa zamu yake, wala hakuna haja ya kufanya mkutano mpya kuamua nani anyimwe.

Nisije nikauremba utawala huu kupita kiasi. Haukuwa wa usawa. Ukoo mwanzilishi ulijipendelea, na wageni walikaa miaka mingi mkiani mwa foleni. Sauti ya mwanamke ilipitia kwa mumewe, ingawa aliyeinama shambani siku ya maji mara nyingi alikuwa yeye. Wengi wa walioandika kuhusu mila zetu huzisifu kama kwamba zilitungwa na malaika. Zilitungwa na watu wenye masilahi. Ubora wake ulikuwa kwamba masilahi hayo yalionekana: mwenye kujipendelea alijulikana kwa jina, aliishi mtaa wa pili, na angeweza kukabiliwa barazani.

Tena chanzo cha maji kilikuwa na ulinzi wake. Wapare waliweka misitu midogo ya mila, mingine ya matambiko ya mababu iitwayo mpungi, ambamo haikuruhusiwa kukata mti. Dini mpya zilipoingia ilionekana ni ushirikina. Misitu kadhaa ilifyekwa, na wenyeji wakaona wenyewe vijito vilivyofuata.

Ukoloni ulikuja na swali ambalo ndiva haikuwahi kuulizwa: maji haya ni mali ya nani kisheria? Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walitunga sheria ya maji mwaka 1923, nyingine ikafuata mwaka 1948. Chini tambarare kulikuwa na reli iendayo Moshi na mashamba ya mkonge, nayo yalihitaji maji. Mifereji ya milimani ikaanza kutazamwa na maofisa kama kitu kinachonyonya mto kabla haujafika kwa watu wa maana. Hata hivyo wakoloni hawakuwa na watu wa kutosha kuhesabu kila banio, na ndiva ziliendelea kuzibwa jioni na kuzibuliwa alfajiri.

Pale walipojaribu kuhesabu watu na mali zao, walikiona. Katika miaka ya 1944 hadi 1947 Upare ulitikiswa na upinzani dhidi ya kodi iliyoitwa mbiru. Juu ya kodi ya kichwa ya kawaida, utawala pamoja na wafumwa, yaani machifu, uliamua kutoza kodi ya ziada kulingana na mali ya mtu kama itakavyokadiriwa. Wananchi hawakukataa kodi. Walikataa kukadiriwa bila kuulizwa, kwa kipimo ambacho hakuna aliyekielewa. Mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka Same makao makuu ya wilaya, wakaketi. Walikaa kwa miezi, wakilishwa na chakula kutoka milimani, bila kuvunja kitu. Baadaye wanawake wa Usangi nao walimkabili ofisa wa serikali wakimtaka awarudishie waume zao. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, ameyaandika haya kwa kina, na nawasihi walimu wenzangu wa historia wayatafute.

Mbiru haikuwa vita ya maji. Naitaja kwa kuwa siwezi kuamini kwamba watu waliozoea kupanga zamu, kutoza asiyefika na kusikiliza mashauri kando ya bwawa, walijifunza nidhamu ile ya kukaa Same miezi mizima siku walipofika Same. Hilo ni maoni yangu, na msomaji ana hiari ya kulipinga.

Baada ya uhuru swali la mwenye maji lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baadaye sheria ya vijiji ya mwaka 1975, viliiweka serikali ya kijiji mbele ya ukoo. Ndiva nyingi zilianza kuhesabiwa kuwa za kijiji. Kwa wale waliokaa mkiani mwa foleni hii ilikuwa haki iliyochelewa: sasa mtu aliweza kuwa mwanachama kwa kuwa mkazi, si kwa kuwa mjukuu wa fulani. Kwa upande mwingine, wajibu wa kuzoa matope ulianza kulegea, maana kitu cha wote kila mmoja humwachia mwenzake.

Mwaka 1974 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria namba 42 ya matumizi ya maji. Ilitamka kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya Jamhuri. Anayetaka kuyachepusha aombe haki ya maji, na wenye haki za zamani waziandikishe. Kwa nini haraka hiyo? Tazama chini ya mlima. Katika miaka ya 1960 lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, ziwa kubwa la kutengenezwa linalokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru na kuyatoa kwa mpango katika Mto Pangani. Kituo cha umeme cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964, na mwaka 1995 kikaongezwa kituo kipya cha maporomoko ya Pangani chenye megawati 68. Taifa lilitaka taa, na kila tone lililolazwa milimani lilionekana kama tone lililoibiwa kwenye mtambo. Mwaka 1991 ikaundwa ofisi ya bonde la Pangani, ya kwanza ya aina yake nchini, na katika miaka hiyo ya 1990 mwenye haki ya maji akaanza kutakiwa kulipa ada kila mwaka kulingana na kiasi.

Hapo ndipo elimu mbili zilipogongana. Hati ya serikali hutaja ujazo: mfereji fulani uchukue lita kadhaa kwa sekunde. Idadi hiyo haibadiliki Januari wala Aprili. Kijito chenyewe hubadilika kila wiki. Mwaka wa ukame hati zote zikijumlishwa hudai maji kuliko yaliyopo mtoni, na hati haisemi nani apunguziwe. Mwenye hati ya lita 10 akikuta mto una lita 6, atasema kwa haki kabisa kwamba zote ni zake. Kumbuka mwenye Jumanne wa ndiva. Yeye hawezi kusema hivyo, kwa kuwa hakuahidiwa lita; aliahidiwa usiku mmoja.

Zaidi ya hayo, banio la mawe na magogo halina kipimo. Ofisa hana namna ya kujua kama zimechukuliwa lita 10 au 15, isipokuwa asimame hapo. Gharama ya kumfikisha mlimani yaweza kupita ada aliyokwenda kuikusanya. Wakulima wa Upare na Kilimanjaro nao walikuwa na hoja nyepesi iliyowashinda maofisa: maji ni ya Mungu, sisi tumechimba mfereji, serikali imechimba nini? Wapo wanaoicheka hoja hii. Mimi naona nusu yake ni sahihi kabisa. Kwa mila ya ndiva, haki huzaliwa na kazi. Anayetoza pasipo kuzoa matope amekiuka kanuni ya kwanza ya bwawa. Nusu nyingine ina kasoro, na kasoro yenyewe ni kwamba haimtaji mtu wa chini.

Maana yupo mtu wa chini daima. Tuchukue bonde dogo la Makanya, katika Wilaya ya Same. Mto Vudee huanzia juu, katika kijiji cha Vudee, huteremka Bangalala kwenye miteremko ya kati, na njia yake huishia tambarare kwenye kijiji cha Makanya. Ndiva zipo juu na zipo kati. Iliyo mashuhuri zaidi pale Bangalala huitwa Manoo. Watu wa juu na watu wa kati waligombana juu ya maji haya, kisha wakafikia mapatano: wa juu watumie mchana, wa kati waachiwe usiku. Mapatano hayo yasingewezekana bila ndiva. Nani angekubali kupewa maji ya usiku kama hana mahali pa kuyalaza? Kibwawa cha Bangalala ndicho kinachogeuza usiku, ambao kwa mkulima wa kawaida ni makombo, ukawa fungu halali.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 miradi ya maendeleo ilianza kukarabati ndiva za Upare kwa saruji. Kuta zikaimarishwa, ukubwa ukaongezwa, mifereji ikasakafiwa. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema, na mwenye ndiva alifurahi kwa haki: ukuta hauvuji, matengenezo yamepungua. Lakini maji yanayovuja mlimani hayapotei. Huzama, hutembea chini ya ardhi, na huibuka bondeni kama chemchemi au kama unyevu katika mto wa mchanga. Mvujo wa juu ni kisima cha chini. Ukiuziba, umechukua maji ya mtu ambaye hayumo katika kamati yako. Vivyo hivyo ndiva ikipanuliwa. Ile ndogo ikijaa saa tisa usiku, maji ya saa tisa hadi alfajiri huendelea mtoni. Ile kubwa huyameza yote. Udogo wa ndiva ulikuwa sehemu ya mapatano, ingawa hakuna aliyeuandika.

Soko nalo limefanya kazi yake. Zamani maji ya kiangazi yalilimiwa mahindi na maharage, chakula cha kuvukia msimu. Siku hizi, katika maeneo ya juu ya Same kama Mamba Miamba, tangawizi imekuwa zao la fedha, na tangawizi hupenda unyevu mwaka mzima. Mkulima wa tangawizi hatosheki na zamu ya msimu. Zamu ikiwa na thamani ya fedha, foleni hurefuka na walinzi wa banio hulala macho.

Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 ilijaribu kuyakusanya haya. Bado maji ni ya umma chini ya Jamhuri, bado kuna vibali na ada, na mabonde tisa ya Tanzania yana bodi zake, Pangani likiwa mojawapo. Lakini haki za kimila za maji zimetambuliwa, na watumiaji wameruhusiwa kuunda jumuiya za watumia maji zenye uwezo wa kisheria wa kugawa na kusuluhisha. Kwetu Kenya mwelekeo unafanana: Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu maji safi ya kutosha, na Sheria ya Maji ya 2016 inaikabidhi serikali ya kitaifa maji yote iyashike kwa niaba ya wananchi, huku jumuiya za watumiaji zikiwekwa mashinani. Pande zote mbili za mpaka, basi, kamati ya ndiva imealikwa kuingia ofisini. Kilichobaki ni kama itaingia na kanuni zake za zamu, au itaachwa mlangoni na kupewa fomu ya lita kwa sekunde.

Jumuiya ya watumia maji inayofuata mkondo wa mto inamleta mezani mtu ambaye ndiva peke yake haikuwahi kumwita. Kule Makanya, mwisho wa bonde, wakulima hawana kijito cha kulaza usiku. Wao hungoja gharika. Mvua kubwa ya vuli au masika inaponyesha milimani, maji mekundu hushuka kwa saa chache tu, na watu hukimbia na majembe kuyachepusha katika mashamba yao kabla hayajapita. Udongo ulioliwa na mvua juu, ule ambao ndiva huuona kuwa adui, kwao ni mbolea. Hawana Jumanne wala Jumatano. Maji yao hayajulikani yatakuja lini, na kila ndiva inayoongezwa juu huyapunguza kidogo. Wakiketi na watu wa Vudee na Bangalala, watadai fungu gani? Mchana umekwisha chukuliwa na wa juu, usiku umekwisha chukuliwa na wa kati. Pendekezo moja ni kwamba siku za mafuriko mabanio yote ya juu yafunguliwe na mto uachwe upite. Pendekezo hilo linahitaji mtu wa juu akubali kufungua banio lake usiku wa mvua, kwa ajili ya mtu aliye umbali wa kilomita nyingi ambaye hajawahi kuja kwenye msaragambo wake.